Tupeane uzoefu: mara yako ya kwanza kupanda metro ugenini ilikuwaje?

Mwana wa Chuno (mwanzisha mada)
Wadau wa Kusini, salaam. Mwezi ujao nitasafiri kwenda Guangzhou kufuata mzigo kwa mara ya kwanza, na kila ninayemuuliza habari za kuzunguka mjini ananijibu kwamba nipande metro, yaani treni za mjini, kana kwamba nimezizoea. Mimi nimekulia Mtwara, ambako ukipanda basi pale Mkanaledi unamwambia konda kwamba unashukia Mnazi Mmoja, na yeye ndiye atakayekuamsha ukisinzia. Nasikia kule hakuna konda. Waliotangulia, naomba mnieleze yaliyowakuta, hasa yale ya aibu.

Korosho Ghafi
Umenikumbusha Dubai, mwaka 2019. Nilitoka uwanja wa ndege kwa treni ya laini nyekundu, nikielekea kituo cha Union ili nibadilishe treni, na kwa kuwa njaa ilikuwa inanisumbua nilifungua kifuko cha korosho ambacho mke wangu alinifungia. Sikuwa nimemaliza hata ya nne. Mkaguzi alikuja kwa adabu sana, akanionyesha kibao kilichokuwa juu ya kichwa changu, kisha akaniandikia faini ya dirham 100. Korosho tatu zilinigharimu kuliko kilo nzima ya hapa nyumbani! Kwa aibu nikahamia behewa jingine, nikajikuta mwanaume peke yangu katikati ya akina mama, kwa sababu lile lilikuwa eneo la wanawake na watoto, ambalo nalo lina faini yake. Nilirudi mbio nilikotoka.

Dada wa Shangani
Ni kweli, hata maji hawaruhusu kunywa mle ndani.

Msafiri wa Kilwa Masoko
Yangu yalitokea London. Kule unagusisha kadi ya benki kwenye mashine unapoingia, na ni lazima uiguse tena unapotoka. Kituo nilichoshukia siku ya kwanza hakikuwa na mageti, basi nikapita zangu, na kesho yake nikakuta nimekatwa nauli ya juu kabisa, kwa kuwa mtambo haukujua nimeshukia wapi. Siku ya pili nikajifanya mjanja, nikaingia kwa kadi na kutoka kwa simu, nikiamini kwamba akaunti ni ileile. Mtambo ukahesabu wasafiri wawili, na wote wawili hawakumaliza safari.

Mtu wa Masasi
Ndugu wa Kilwa, unawatisha watu bure. Nilikaa Paris wiki mbili, na wakati wa kutoka hakuna aliyeniuliza tiketi hata mara moja. Unasukuma mlango unaondoka.

Msafiri wa Kilwa Masoko
Paris si London, kaka. Na hata huko Paris wakaguzi hujitokeza ghafla kwenye kona za njia za chini, na asiyekuwa na tiketi halali analipa faini. Uliponea.

Mtu wa Masasi
Sikuponea. Tiketi nilikuwa nayo mfukoni muda wote.

Msafiri wa Kilwa Masoko
Sasa ulikuwa unabisha nini?

Nahodha wa Msimbati
Mimi bahari siiogopi, lakini ile milango naiogopa. Haimsubiri mtu.

Binti Kitangari
Nilikuwa nasoma kimya, ila hapo kwenye milango nimeshindwa kuvumilia. Mwaka 2017 nilimpeleka mama yangu Delhi kutibiwa nyonga. Mama ni mtu wa Newala, anatembelea fimbo, na lugha zake ni Kimakonde na Kiswahili. Siku ya tatu gari tuliloagiza halikutokea, tukaamua kwenda kliniki kwa metro, jambo lililotulazimu kubadilisha treni kituo cha Rajiv Chowk, kutoka laini ya buluu kwenda laini ya njano. Yeyote aliyepita kituo kile asubuhi watu wakienda kazini atanielewa: hata ukichanganya stendi yetu na soko kuu siku ya mkesha wa Idi, bado hujakifikia.

Tulipanga foleni ya behewa la kwanza, ambalo ni la wanawake, nami nikakaa mbele ili nimuwahie mama nafasi ya kukaa. Hilo ndilo lilikuwa kosa langu. Milango ilipofunguka nilisukumwa ndani mkono wangu ukiwa bado umenyooka nyuma kumtafuta, na nilipogeuka nikamwona kupitia kioo amesimama palepale, mkono mmoja una fimbo, mwingine umeshika pindo la kanga, maana humo ndimo alimoifunga tokeni yake, kile kisahani cha plastiki kinachotumika kama tiketi, asije akaipoteza. Hakupiga kelele. Treni ikaondoka.

Simu zote mbili zilikuwa kwenye mkoba wangu. Kutoka pale hadi Patel Chowk, kituo kinachofuata, ni dakika chache tu, lakini niliziona ndefu kuliko safari ya Dar es Salaam enzi zile za matope ya Rufiji. Nilishuka nikilia, na mama mmoja wa Kihindi, ambaye hatukuelewana hata neno, akanishika mkono mpaka kwenye treni ya kurudi. Nilimkuta mama ameketi kwenye kiti cha plastiki alicholetewa na askari wa kike wa kituo, fimbo imelala mapajani. Akaniambia, "Nilijua utarudi, maana dawa zangu unazo wewe." Tulipofika mwisho wa safari, fundo la kanga likakataa kufunguka getini, lakini hiyo ni habari nyingine.

Dada wa Shangani
Nimelia, mwenzangu. Mama anaendeleaje?

Binti Kitangari
Anaendelea vizuri, anapalilia mihogo.

Mtu wa Masasi
Samahani kwa kusema, lakini mgonjwa wa nyonga hapelekwi kwenye msongamano kama ule.

Korosho Ghafi
Na wewe usiyeulizwa tiketi Paris, leo umekuwa daktari?

Nahodha wa Msimbati
Funzo nililopata ni kwamba aliyebaki apande treni inayofuata amfuate mwenzake.

Msafiri wa Kilwa Masoko
Nahodha, utawapoteza watu! Huyu anamfuata mwenzake huku yule anarudi, watapishana mpaka usiku. Aliyebaki asibanduke, aliyechukuliwa ashuke kituo cha kwanza na kurudi. Hilo mkubaliane kabla ya kuingia kituoni.

Mzee wa Nachingwea
Wanangu, nilisoma Moscow miaka ya 1980, ambapo safari yoyote ya metro ilikuwa kopeki 5. Sikujua kusoma vibao vyao, basi mwenyeji wangu akanifundisha kutumia masikio: anayetangaza vituo akiwa mwanaume, treni inakwenda katikati ya mji, akiwa mwanamke, inatoka katikati. Nilisafiri kwa sauti hizo mwezi mzima. Vijana wa hapa kwetu wasione treni ni jambo geni, maana Nachingwea tulikuwa na reli ya ule mradi wa karanga wa enzi za mkoloni kabla haijang'olewa.

Dada wa Shangani
Shikamoo, mzee. Nilikuwa nadhani hizo sauti hubadilishwa tu ili watu wasisinzie.

Mwana wa Chuno (mwanzisha mada)
Shikamoo, mzee, na nawashukuru nyote. Aliyefika Guangzhou hajasema kitu.

Mchuuzi wa Lindi
Mimi nilikwenda mwaka 2018. Shukia Xiaobei, laini ya 5, ndiko wanakokaa Waafrika wengi. Begi lako litapitishwa kwenye mashine ya ukaguzi, kwa hiyo usiingie ukiwa umechelewa. Unapewa tokeni ya plastiki. Unaigusisha wakati wa kuingia, na wakati wa kutoka unaitumbukiza, geti linaimeza. Usihangaike kukariri majina yote: shika jina la kituo cha mwisho cha upande unaokwenda, maana ndilo litakaloandikwa jukwaani.

Mwana wa Chuno (mwanzisha mada)
Basi tokeni nitaifunga kwenye leso, kama mama. Dada Kitangari, lile fundo mlilifunguaje?

Binti Kitangari
Alilifungua mwenyewe kwa meno, nami nikiwaomba radhi kwa mikono watu waliokuwa wamejipanga nyuma yetu.