Kwa nini kitu cha uchawi humvutia anayekiwinda?

Mtunzi wa Jinja: Ndugu zangu, katika hadithi ninayoiandika msichana anaokota bangili kando ya Nile, kisha viumbe wa ajabu wanaanza kumwandama. Nifanyeje ili msomaji aamini kwamba bangili ndiyo inayowaita?

Msomaji wa Mbale: Matumizi yake yawe na gharama. Katika *The Lord of the Rings*, kitabu kilichoanza kuchapishwa mwaka 1954, mhusika mkuu Frodo akivaa pete ya uchawi hutoweka machoni pa watu, lakini huonekana waziwazi kwa Wapanda Farasi Weusi wanaoitafuta, hivyo kinga yenyewe ndiyo inayomfichua. Adui anayejua tu mahali alipo mhusika, bila sababu, huchosha.

Mwanakampala: Nakubaliana nawe, ndugu, ingawa si lazima kitu kiwe na nguvu yoyote. Katika simulizi ya Waganda, Nambi, binti wa mbinguni aliyekuwa akishuka duniani na mumewe Kintu, alisahau ulezi, nafaka ya kulisha kuku wake, na kwa kuwa aliurudia mbinguni licha ya onyo la baba yake Ggulu, kaka yake Nambi aitwaye Walumbe, ambaye ndiye Kifo, alimfuata hadi duniani. Kilichomleta ni mwiko uliovunjwa. Ulezi ulikuwa ulezi tu.

Mtunzi wa Jinja: Na msichana akiitupa bangili mtoni?

Msomaji wa Mbale: Basi wamfuate atakayeiopoa.