Nguvu za Gohan: ni damu ya chotara, au kuna kingine?

Wandugu, hapa Bukavu, saluni yoyote yenye televisheni mjadala huu haukosi: Gohan wa Dragon Ball Z, ile katuni ya Kijapani, yule tunayemwita Sangohan, nguvu zake zinatoka wapi? Baba yake Goku ni Saiyan, yaani wa kabila la wapiganaji kutoka sayari nyingine, mama yake Chichi ni binadamu. Wengi wanamaliza mara moja: damu mbili zikichanganyika, mtoto anawapita wazazi. Na wana hoja. Vegeta na Nappa, Wasaiyan wawili, wakiwa bado njiani kuja Duniani, walizungumza kwamba machotara wa namna hii wanatoka na nguvu za kutisha. Vegeta akakataa wazo la kuwazaa wengine, asije akapinduliwa nao.

Mimi sikubali kwamba inatosha. Damu inaeleza kwa nini nguvu zipo. Haielezi kwa nini zinakuja na kupotea.

Turudi kwa Raditz, kaka yake Goku aliyemteka Gohan. Gohan ana miaka 4, amefungiwa ndani ya chombo cha angani, baba yake anakanyagwa mbavu. Kifaa cha Raditz cha kupima nguvu kinamsoma mtoto 710, kisha 1,307, na Goku mwenyewe, hata baada ya kuvua nguo zake nzito, alikuwa na 416. Mtoto anapasua chombo, anamgonga Raditz kifuani kwa kichwa. Muda mfupi baadaye kifaa kinasoma 1. Moja, jamani! Damu ni ileile. Kilichoondoka ni hasira, akabaki mtoto mwenye hofu.

Kwangu hizo nguvu ni kama maji nyuma ya bwawa la Ruzizi: yamejaa wakati wote, suala ni nani anafungua mlango. Goku anapenda kupigana, kwa hiyo mlango anaufungua mwenyewe. Gohan hapendi. Kwake unafunguka mtu wake anapoumizwa, kama yule adui Cell alipokiponda kichwa cha namba 16, roboti aliyekuwa upande wao. (Na wanaomlaumu Chichi kwa kumkazania vitabu wanamwonea. Huo moyo mpole ndio Gohan mwenyewe.)

Tena mlango unaweza kufunguliwa na mtu mwingine. Kule sayari ya Namek, mzee mkuu wa huko alimwekea Gohan mkono kichwani, nguvu zikapanda. Lakini alimfanyia hivyo Krillin, rafiki yao, pia, na Krillin ni binadamu mtupu. Baadaye Kaioshin mzee, mmoja wa miungu, alimfanyia kazi Gohan kwa saa 25, na alipomaliza, nywele zilibaki nyeusi. Kama ni Usaiyan tu unaofanya kazi, mbona hazikugeuka dhahabu, kama za Saiyan anapopanda hatua ya Super Saiyan?

Najua mtanitajia Goten, mdogo wake Gohan, na Trunks, mtoto chotara wa Vegeta, waliofika Super Saiyan wakiwa watoto, bila msiba wowote. Hapo nawapa haki yenu: hatua ya kwanza, machotara wanaipata kirahisi. Ila hakuna kati yao aliyefika peke yake, utotoni, pale Gohan alipofika mbele ya Cell, yaani hatua ya pili.

Halafu kuna Gohan wa ule wakati ujao anakotoka Trunks mkubwa. Damu ileile, hasira tele, dunia imeharibiwa mbele ya macho yake, na bado namba 17 na 18, wale watu-mashine, walimuua. Yeye hakuwahi kupata ule muda wa mazoezi na baba yake ndani ya chumba ambamo siku moja ya nje ni mwaka mzima. Mnaosema ni damu tu, huyo mnamweleza vipi?