Yule wa filimbi pale Coco leo kaniita mwizi mbele ya pwani nzima, na pete ya mtu iko kiganjani mwangu

Chubwi wa Msasani (mleta uzi)

Wakuu, naandika mikono bado ina mchanga. Sijaoga, sijala, na chakula hakitapita kooni mpaka niseme hili.

Yule wa filimbi. Simtaji, hakuna haja, kila aliyewahi kukanyaga ufukwe wa Coco hapa Dar siku ya Jumapili anamjua. Yule ambaye hakuna aliyemwajiri, hana sare, hana kitambulisho, ana filimbi tu na kile kiti cha plastiki chenye mguu uliofungwa waya. Yule anayewapigia filimbi hata kunguru. Leo kanipigia mimi. Mara tatu. Kapanda juu ya kiti, kaninyooshea kidole, kapaza sauti mpaka Kigamboni wakasikia: "Jamani eee! Kila mtu ashike chake!"

Kila mtu ashike chake. Mimi!

Ngoja nirudi mwanzo maana hasira inanitangulia. Siku za bamvua, maji yakipwa mpaka kule mbali, mimi natoka na ditekta yangu. Wengine wanakwenda mpira, wengine baa, mimi natafuta vyuma mchangani. Ndiyo starehe yangu, mwaka wa nne huu. Mashine niliinunua kwa pesa ya kikoba, mke wangu shahidi, na nilichagua ya masafa mengi kwa makusudi, kwa sababu maji ya chumvi yanapitisha umeme, na hizi za masafa ya aina moja ukizifikisha kwenye mchanga mbichi zinapiga kelele kama kuku aliyeona kicheche. Nachimba kwa koleo la matundu, nafukia shimo langu, takataka naondoka nazo. Leo peke yake: visoda 61, misumari 9, chubwi za wavuvi 4, shilingi 850, na ndoano moja yenye kutu ambayo ingezama kwenye unyayo wa mtoto wa mtu. Hiyo ndoano nani kaiona? Mwenye filimbi hajaiona.

Basi saa 9 alasiri akaja dada mmoja analia. Pete ya ndoa imemchomoka akicheza na mawimbi, kajipaka mafuta mwili mzima, imeteleza tu. Ndoa ina miezi mitatu. Akasema, "Kaka, hicho kitu chako kinaweza?" Nikamwambia tuliza moyo dada, nionyeshe uliposimama.

Saa moja na dakika 40, wakuu. Natembea mistari kama anayepanda mahindi. Wasioijua shughuli hii wanadhani mashine inasema "dhahabu hii hapa". Haisemi. Pete ya dhahabu na kile kishikio cha kopo la soda vinalia karibu sauti ile ile, na ukiiambia mashine ipuuze vishikio, umeiambia ipuuze na pete. Kwa hiyo unachimba kila kinacholia. Nimechimba karatasi ya sigara. Kishikio. Kishikio. Betri. Kishikio. Halafu nikafika mahali chubwi mbili na sarafu zimelala pamoja, nikajua mawimbi yamekusanya vizito vyake hapa. Nikapunguza mwendo. Ikaja sauti ndogo, laini, haikatiki ukipita huku wala ukipita kule. Nikachota, nikasukasuka koleo majini, mchanga ukashuka, ikabaki imeegemea tundu moja, njano, ndani ina herufi mbili zimechongwa.

Na hapo, HAPO, nimepiga magoti, pete iko kiganjani, nainua mkono kumwita dada wa watu, ndipo filimbi. Prii! Prii! Priiii! "Kila mtu ashike chake!"

Pwani nzima iligeuka. Mawimbi yenyewe yalisita. Muuza mihogo aliacha mihogo ikaungua. Mama mmoja aliyekaa hatua mbili kutoka kwangu, ambaye muda si mrefu alikuwa ameniomba nimtazamie mkoba akanawe, alinyoosha mkono polepole akachukua kandambili zake akaziweka mapajani. Kandambili za bluu, moja kamba yake imeshonwa kwa uzi wa nyavu. Kaziweka mapajani huku ananitazama usoni. Mkoba alikuwa ameniachia!

Halafu yule bwana akashuka kitini, akaja, "lete hiyo", akaichukua pete, akampelekea dada yeye mwenyewe kama vile magoti yaliyolowa ni yake. Akanunuliwa soda. Akaifungua kwa meno mbele yangu na kisoda akakitema mchangani.

Kisoda. Mchangani. Mbele yangu, nina 61 mfukoni.

Mtu wa namna hii tunamfanyaje?

Kikoi Kimoja

Nimekaa paleee na kashata zangu. Endeleeni.

binti_feri

Pole mkuu. Ila kusema kweli hata mimi ningeshika kandambili zangu. Mwanaume yuko magotini, ana hedifoni, ana koleo, anachimbachimba hatua mbili kutoka kwa mwanangu, nitajuaje anatafuta pete? Ningeshika na mtoto.

Fundi Nati

Visoda 61 kwa mashine ya kikoba. Mkuu si ungekaa mlango wa baa yoyote Sinza, unavipata 61 kabla ya saa 4 usiku na betri haijaisha.

Chubwi wa Msasani

Fundi, hivyo visoda ndivyo vinavyopasua watoto miguu. Sidai asante ya mtu. Nadai nisiitwe mwizi nikiwa nimeshika pete niliyoitafuta saa nzima na zaidi bila kuomba hata maji. Binti_feri, mkoba aliniachia yeye mwenyewe! Mkoba salama, kandambili ndizo ziko hatarini? Kile kidole bado nakiona. "Kila mtu ashike chake." Naisikia mpaka kwenye feni.

Mtoto wa Chunya

Huku kwetu Chunya ukipita na ditekta watu wanakupisha njia, wanajua uko kazini, jioni unaweza kurudi na kipande cha dhahabu kama punje ya harage na familia ikala mwezi. Wewe unakwenda nayo kwa watu waliovaa chupi halafu unashangaa wakikushuku. Hiyo mashine nikopeshe msimu mmoja.

Mzee wa Bamvua

Vijana, kabla hamjamcheka mtu anayetafuta vyuma pwani. Mwaka 1944 askari mmoja wa Australia, Maurie Isenberg, alikuwa anavua samaki kwenye visiwa vya Wessel huko kaskazini kwao, akaokota sarafu mchangani. Akazihifadhi, hakujua ni nini. Miaka mingi baadaye wataalamu walipozitazama, tano zilikuwa za Kilwa. Kilwa yetu hii, ya masultani, shaba zenye maandishi ya Kiarabu. Na hakuwa na mashine, alikuwa na mshipi wa kuvulia. Mpaka leo watu wanabishana zilifikaje huko. Kwa hiyo mleta uzi ninakuelewa, mchanga una maneno yake.

Neno moja tu kwako mwanangu. Baki kwenye mchanga wa waogaji. Usijaribu kwenda na hiyo mashine kwenye magofu ya Kunduchi au Kilwa. Kitu kilichotengenezwa kabla ya 1863 kinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, na kuchimbua bila kibali ni kosa. Huko hutapigiwa filimbi, utapigiwa pingu.

Chubwi wa Msasani

Shikamoo mzee. Hayo nayajua na sijawahi kusogelea gofu hata moja. Angalau mmoja humu ananielewa. Sasa mzee, wewe mtu wa pwani, umewahi kuona mtu anafungua soda ya shukrani isiyo yake kwa meno?

Ramani Ipo

Mzee umefungua mlango. Nina ramani ya hazina aliyozika Mjerumani huku Usambara, ya babu, ina mti, ina jiwe, ina hatua 40. Anatakiwa mwenye mashine tu. Mleta uzi njoo inboksi, achana na pete za watu.

Mtoto wa Chunya

Tanzania hii kila ukoo una ramani ya Mjerumani. Kama angezika vyote hivyo vita angepigana saa ngapi?

Ramani Ipo

Cheka tu. Zile sarafu za dhahabu zenye tembo zilizopigwa Tabora 1916, rupia 15, zilikwenda wapi zote? Zilipaa?

Fundi Nati

Ziko mapajani kwa yule mama, chini ya kandambili.

Chubwi wa Msasani

Jamani turudi kwenye filimbi.

Niko Pirates

Hapa kwetu Mombasa mwenye filimbi ni afadhali. Kuna yule wa ngamia pale ufuoni Pirates, Mombasa yote yamjua. Alimpandisha mwanangu bila kuuliza, bure bure, "ni wa kupiga picha tu mama". Haya, picha tumepiga. Kumshusha sasa ndiyo pesa! Mtoto yuko juu analia, ngamia yuataka kwenda zake, na yule jamaa ahesabu kwa vidole. Wallahi nililipa kumteremsha mtoto niliyemzaa mwenyewe.

Kikoi Kimoja

Hahahaha nauli ya kushuka. Huyu wa ngamia afungue uzi wake.

Baridi ya Leeds

Mkuu, mimi niko Uingereza na tuna starehe moja. Huku napenda kambi za mahema, mwisho wa kiangazi watu wakishaondoka. Unaomba ruhusa ya mwenye shamba kwanza, bila hiyo ni kuvamia. Unachopata zaidi ni vigingi vya hema vya alumini, vinalia vizuri kama fedha ya kale, unachimba moyo unadunda, kigingi. Ukipata hazina ya kweli sheria ya 1996 inakupa siku 14 kutoa taarifa. Yote nafuata. Sasa kuna mwenye kambi mmoja, wenzangu wa huku mnamjua, aliniruhusu asubuhi kwa mdomo wake, tukanywa na chai. Mchana kasahau, kanifungulia mbwa. Nilipanda juu ya choo cha kambi na mashine nimeishika kama mtoto mchanga. Wewe shukuru, filimbi haina meno.

Chubwi wa Msasani

Pole ndugu yangu, lakini mbwa hana akili, yule wa filimbi anayo. Mbwa hakusema "kila mtu ashike chake". Mbwa hakuchukua pete akaipeleka yeye!

binti_feri

Mimi nauliza, huyo dada mwenye pete alisema nini?

Chubwi wa Msasani

Alikuwa analia kwa furaha, kazungukwa na watu, haoni mbele. Simlaumu. Alinitafuta kwa macho mara moja, nadhani, halafu yule bwana akasimama katikati na mgongo wake ule. Mgongo kama mlango wa ghala.

Tairi Nusu Bei

Mgongo huo naufahamu. Ila kero kubwa ya Coco si yeye, ni wapiga picha. Umeshika muhogo wako, mdomo wazi, pilipili inakutoa machozi, unasikia kacha! Ukigeuka, "bosi picha yako hii 3,000". Sijaagiza! Anakuonyesha kwenye kioo cha kamera umepanua mdomo kama kiboko, inabidi ununue ili isionekane na mtu mwingine.

Niko Pirates

Hao wako na huku. Walisoma chuo kimoja na wa ngamia.

Fundi Nati

Na wale wa matairi ya kuogelea je? Unakodi tairi, ukirudi unaambiwa lilikuwa na upepo zaidi. Upepo unaulipia.

Tairi Nusu Bei

Fundi, jina langu umeliona? Hiyo ni riziki ya watu. Tairi likirudi limetobolewa na ndoano nani analipa?

Chubwi wa Msasani

Hizo ndoano ndizo ninazozitoa mimi! Ndicho ninachosema tangu mwanzo!

Fundi Nati

Ndoano gani? Mlitoboa kwa moto wa sigara nikiwaona.

Tairi Nusu Bei

Njoo Jumapili uoneshe sigara.

Chubwi wa Msasani

Kuna mtu yeyote humu alikuwepo Coco leo kati ya saa 10 na saa 11? Mmoja tu aandike kwamba aliona ile pete imetoka kwenye koleo la nani.

Kikoi Kimoja

Mimi nilikuwepo ila nilikuwa upande wa mihogo. Iliungua kweli, nikapunguziwa mia mbili.

binti_feri

Mihogo ya kule siku hizi imekuwa ya nyuzinyuzi tu. Na ile kachumbari wanakuwekea kijiko kimoja kama dawa.

Mzee wa Bamvua

Muhogo wa sasa wanachoma ukiwa mbichi ndani. Zamani ulikuwa unapasuka wenyewe.

Tairi Nusu Bei

Nendeni kwa yule mama wa mwisho, karibu na mawe. Pilipili yake ndiyo pilipili, hao wengine wanachemsha nyanya.