Upande mmoja uko wazi kabisa, kwa nini hawa wapigaji wa besiboli bado wanapiga kwenye watu?

#1
Wakuu habari za wikiendi. Jana kwenye grupu letu palichafuka, jamaa kaweka klipu ya zamani ya ligi kuu ya Marekani, mpigaji anayetumia kushoto kasimama na gongo lake, walinzi watatu wamejazana upande wa kulia, kushoto hakuna mtu, yaani pale ungelima mchicha hadi ukomae bila kukanyagwa, na bado jamaa kaupiga mpira kulekule waliko watu. Katolewa. Watu wakacheka eti wanalipwa mamilioni ya dola na akili hawana. Mimi nasema wanaocheka ndo hawajauelewa mchezo, karibuni tubishane.

Kwa wageni, anayepiga kwa kushoto akiuwahi mpira unaenda kulia, wenyewe wanaita kuvuta. Kabla ya marufuku ya 2023, timu zikishamjua mtu zilikuwa zinahamishia walinzi huko, inaitwa shifti (siyo ile ya kazini kwako). Ni ya zamani hiyo, Julai 1946 Lou Boudreau, mchezaji na kocha wa Cleveland, alishuhudia Ted Williams wa Boston akimpiga homurani 3 (yaani mpigo wa kuzunguka uwanja mzima na kupata pointi, mara nyingi mpira ukivuka uzio) kwenye mechi moja, siku hiyohiyo walikuwa na mechi ya pili, akawarundika karibu watu wote kulia.

Sasa hoja yangu. Mpira ukishapita juu ya uzio ukaangukia kwa mashabiki, walinzi hata wangekuwa 20 wanabaki kuangalia tu. Na uzio wa pembeni ndo uko karibu, Yankee Stadium pembe ya kulia ni futi 314, katikati ni 408. Halafu gongo linazunguka kama mlango, ukiukuta mpira mbele ya mwili linakuwa limeshashika kasi na limeshageukia upande wako. Kwa hiyo nguvu iko huko na uzio uko karibu hukohuko! Ule mpira wa kuburuzika mliouona kwenye klipu ni kosa tu, alitaka kuuinua akaugonga kwa juu. Mnamcheka kwa kukosea, siyo kwa kupanga vibaya.

#2
Mkuu umemtetea mno huyo. Huyo Williams uliyemtaja, Septemba hiyohiyo 1946 wakicheza tena na Cleveland, wamemfanyia shifti, akaupeleka kushoto ukampita mlinzi wa nje aliyekuwa kasogea ndani, akakimbia besi zote (vituo vya kuzunguka) mpaka nyumbani (pale alipopigia), mechi ikaisha 1-0 na Boston ndo wakabeba ubingwa wa ligi yao palepale. Oktoba fainali na St. Louis, shifti tena, mipira 5 salama (ya kumfikisha besi bila kutolewa) kati ya mara 25, hakuna homurani hata moja, wakafungwa kwenye mechi ya 7. Sasa mtu uwezo unao, kwa nini usiutumie? Kiburi tu hicho.

#3
Mimi siyo mtaalamu ila niliwahi kwenda uwanjani Boston, wakati huo shifti ilikuwa inaruhusiwa, tukakaa kulia chini kabisa, mlinzi wa besi ya pili alisogea nyuma hadi kwenye nyasi, alikuwa karibu na sisi kiasi kwamba unaona anavyotafuna bigijii na kupangusa viatu. Jamaa kapiga mpira mkali wa kunyooka, ule ambao utotoni ungeshaanza kushangilia, huyu kainua tu glavu kama anapokea chenji. Mpigaji kageuka bila hata kukimbia. Babu mmoja nyuma yetu alikuwa anapiga kelele apige kushoto apige kushoto, kila zamu. Mwisho wa yote yule mpigaji zamu ya baadaye akavuta tena, ukatua viti vya juu yetu. Babu akasimama kushangilia kuliko wote 😂

#4
#2 nakujibu mimi mwenye uzi. Kwanza unaongea kama mrushaji kakaa kimya anakuwekea mpira mezani. Mpira wa kilomita 150 kwa saa kutoka futi 60 unakufikia ndani ya nusu sekunde hivi, hata haifiki, na enzi hizo wakishaweka shifti mrushaji alikuwa anakubana karibu na mbavu makusudi, huko kuupeleka upande wa pili ni kazi kwelikweli. Kuugusa kidogo uburuzike kushoto inawezekana, lakini umepata nini? Umefika besi ya kwanza, bado unawategemea wenzako wakutoe huko. Yule mtu wa homurani akikubali kugusagusa, kocha wa wapinzani anafurahi, ndicho alichokuwa anakitafuta tangu mwanzo. Ile ya Septemba ya Williams nakupa, lakini ni moja.

Mwangalie Joey Gallo, mpigaji mwingine wa kushoto, 2021 alipata mipira salama kwa wastani wa .199, yaani chini ya 20 katika kila 100, aibu tupu, lakini homurani 38. Hakuna timu ingemwambia acha hizo 38 uanze kugusagusa.

#5
Haya, kama shifti haiwatishi mbona wakaipiga marufuku 2023? Sheria inataka walinzi wa ndani wawili kila upande wa besi ya pili na miguu yote isivuke mpaka wa nyuma wa uwanja wa ndani kabla mpira haujarushwa. Kwangu huo ni upendeleo, mtu kashindwa kujifunza basi mnamwondolea mtihani. Wastani wa ligi ukatoka .243 ukaenda .248. Kelele zote zile kwa hicho?

#4 tena
Hapo kwenye marufuku tuko pamoja asee, mimi pia sikuipenda. Na huyo Gallo wangu, mwaka uleule ambao shifti imeondolewa, uwanja umefunguliwa, alimaliza na .177, kashuka! Homurani 21.

#2
Unaona sasa 😂 hivyo shida yake haikuwa walinzi kumbe.

#4 tena
Shida yake alikuwa haugusi mpira kabisa, 2021 alitolewa kwa kukosa mara 213. Huyo hata ungewatoa walinzi wote ukabaki na mrushaji na mdakaji, bado angerudi kukaa benchi.