Naomba ushauri: glukokinasi ya seli beta inadhibitiwa na nini?

Habari zenu wakubwa. Naandaa somo la kongosho kwa wanafunzi wa uuguzi, nimekwama. Kwenye seli beta (zile zinazotoa insulini), kimeng'enya cha glukokinasi ndicho kipima sukari: hufikia nusu ya kasi yake glukosi ikiwa karibu milimoli 8 kwa lita, wala haizuiwi na zao lake, glukosi-6-fosfeti, kama heksokinasi (kimeng'enya mwenzake) ya misuli. Glukosi ikivunjwa na ATP (nishati ya seli) ikipanda, milango ya potasiamu hufunga, kalsiamu huingia, insulini hutoka. Hadi hapo naelewa vizuri. Lakini vitabu nilivyosoma vinaeleza breki ya ini tu, ile protini inayoifungia glukokinasi ndani ya kiini cha seli. Je, kwenye seli beta kasi huamuliwa na wingi wa glukosi peke yake, au kuna breki nyingine? Na seli alfa hutumia kimeng'enya hichohicho kujua wakati wa kupunguza glukagoni, homoni inayopandisha sukari?