Tupeane uzoefu: ubunifu uliokusaidia kuabudu au kumfikisha mtu kwa Kristo

Mleta mada (mwalimu wa kwaya, Bukoba)
Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Naomba leo tusibishane kuhusu ngoma na kinanda, kila mtu alete kisa chake mwenyewe. Mimi naanza.

Kwaresima iliyopita usharikani kwetu tuliacha vyombo vyote. Wimbo wa toba niliutunga kwa mtindo wa kuitikiana: mmoja anaanzisha, usharika mzima unajibu mstari mmoja mfupi ambao hata mtoto anaushika. Kabla ya kutunga, wanakwaya tulikaa na Zaburi 51 jioni baada ya jioni, tukiisoma na kuiombea. Siku yenyewe watu walitutazama tu mwanzoni, maana wamezoea kwaya iimbe wao wasikilize. Kwenye ubeti wa tatu, bibi mmoja wa benchi la nyuma akaitikia kwa sauti ya pili ambayo sikuifundisha mimi. Waliomzunguka wakamfuata, na kwaya ikabaki kuongozwa na usharika.

Urithi huo tunao. "Mfurahini, Haleluya" ya Bernard Kyamanywa ni ya mwaka 1966, akiwa mwanafunzi wa chuo cha teolojia cha Kilutheri cha Makumira, kwa mahadhi ya Kihaya, na leo Walutheri wa Ulaya na Marekani wanaiimba Pasaka. Kwangu kipimo ni hicho: je, waumini wameingia ndani ya sala, au wamegeuzwa watazamaji?

Mkatoliki, Lubumbashi
Tumsifu Yesu Kristo. Huku tunasali Misa ya utaratibu wa Kizaire (Zaire ni jina la zamani la Kongo yetu), uliokubaliwa na Roma mwaka 1988. Wageni wakija wanaona kucheza kuzunguka altare na kudhani ubunifu wote uko hapo. Mimi kilichonigusa ni mpangilio. Toba haiko mwanzo wa Misa. Unasikia Neno kwanza, mahubiri yanakuchoma, ndipo unainama kuomba msamaha. Baada ya hapo mnatakiana amani, ndipo vipaji vinapelekwa altareni, kama Mathayo 5 inavyoagiza: patana na ndugu yako kwanza, ndipo utoe sadaka.

Kaka yangu nami tulikuwa hatusemeshani kwa ajili ya kiwanja cha marehemu baba. Jumapili moja akakaa benchi la mbele yangu. Tulinyunyiziwa maji ya baraka, tukaambiwa tupeane amani, naye akageuka. Alinishika mkono wala hakuuachia upesi. Habari ya kiwanja tuliimaliza nyumbani kwa mama, wiki hiyohiyo.

Mwinjilisti kijana, Mwanza
Sisi tunaigiza mwana mpotevu stendi ya daladala. Hatuongezi mwisho wetu: tunasimama pale Luka anaposimama, baba yuko nje anambembeleza mwana mkubwa. Konda mmoja alitufuata tukikunja mavazi. "Sasa yule kaka aliingia au hakuingia?" Tukamfungulia Luka 15 aone mwenyewe kwamba haisemi. Alisoma kimya, kisha akasema kwao yeye ndiye mkubwa. Bado tunasoma naye.

Mkalimani wa lugha ya alama, Nairobi
Mwalimu, kipimo chako kinawahusu hata watu ambao tunawasahau. Makanisa mengi sasa wakati wa kuabudu taa zinazimwa ili watu wazame katika maombi. Kiziwi hapo ametolewa ibadani, kwa sababu haoni tena mikono yangu.

Kwenye ushirika wetu wa viziwi taa zote zinawaka. Nyimbo hatuzitafsiri neno kwa neno, viziwi wenyewe wanatunga kwa mikono, na mstari unaorudiwa wote wanaufanya kwa pamoja. Ngoma kubwa tunailaza juu ya jukwaa la mbao, na wengi wanavua viatu ili mdundo uwafikie miguuni. Aliponiambia mama mmoja kwamba siku hiyo ndiyo mara ya kwanza ameimba na wenzake bila kusubiri mtu amweleze, nilishindwa kuendelea kutafsiri.

Mleta mada
Dada mkalimani, nimeguswa sana. Usharikani kwetu wapo vijana viziwi, wanakaa pembeni na hakuna anayewaimbisha. Naomba unieleze: mnaanza na ishara za mstari wa kuitikia kwanza, au na mdundo? Na sakafu ikiwa ya saruji mnafanyaje? Wengine endeleeni kuleta visa, hasa mnaohudumu magerezani na hospitalini.