"BURE KABISA" mpaka ubonyeze kile kitufe cha kijani

Mahamri_Mbaazi
Siitaji jina. Mwaijua nyote. Ile tovuti ya kuondoa nyuma ya picha, yenye mwanamke wa meno meupe pale juu, acheka kama aliyeshinda kesi ya shamba.

Yaandika BURE kwa herufi za ukubwa wa meli ya makontena. Haya, wapandisha picha ya bibi harusi, pikseli 6000 kwa 4000. Bando laliwa, duara lazunguka, mwisho vya nyuma vyote vimeondoka: mnazi, kiti cha plastiki, mjomba aliyepita na sahani ya pilau. Wabonyeza kitufe cha kijani upakue.

612 kwa 408!

Yaani waingiza nyumba nzima, wapewa komeo. Chapa hiyo kwa pikseli 300 kwa inchi, wapata sentimita 5.2 kwa 3.5. Kadi ya A5 yataka 1748 kwa 2480, na hapo hujaongeza milimita 3 kila upande za kukatia. Hii si kadi ya harusi, hii stempu. Bwana harusi ampokee mkewe posta?

Ukitaka picha YAKO kwa ukubwa WAKO ULIOKUJA NAO, toa barua pepe. Ukishatoa, toa kadi ya benki. Na kitufe chenyewe cha kijani! Kingekuwa chekundu mtu angejua. Kijani, "Pakua", wagusa: 612. Kitufe hicho kipelekwe gereza la Shimo la Tewa bila dhamana.

FeriYaMwisho
Bibi harusi wa stempu hahahaha. Mlambe nyuma umbandike.

Tudor_Kreki
Kwani maandishi ya chini ya kitufe hukuyasoma? Yasema "ubora wa kawaida".

Mahamri_Mbaazi
Maandishi gani? Yale ya rangi ya kijivu juu ya kijivu? Hayo hata sisimizi ayasoma kwa miwani.

Pindo_na_Mji
Yakhe, kabla hujaulilia ukubwa, hebu ikuze hiyo shela mpaka asilimia 200. Ndani ya vitundu mmebaki majani ya bustani, sivyo? Mashine hizi nyingi zaijua shela kama ukuta: ama ipo ama haipo. Shela ni wavu, yataka nusu. Hata ungelipa, ungepewa shela ya kijani inayofanana na kitufe chako.

Fungua GIMP, ile programu ya bure ya kuhariri picha. Kwanza Layer, halafu Transparency, halafu Add Alpha Channel. Ukiparuka hapo, ukifuta kitu chaacha rangi badala ya uwazi, kisha utakuja kufungua uzi mwingine. Bonyeza herufi B upate zana ya njia (Paths), zungusha vidoti kwenye ukingo wa mwili. Vichache! Mkunjo wavutwa kwa mikono ya kidoti, si kwa kuongeza vidoti. Ukimwaga 400 bega latoka kama msumeno. Igeuze njia iwe uteuzi, ulainishe kwa Feather pikseli 1 au 2. Usifute kitu. Weka Layer Mask inayotokana na uteuzi huo. Kwenye maski nyeusi yaficha, nyeupe yaonyesha, kijivu chaonyesha nusu, basi shela ipake kijivu kwa brashi laini mpaka rangi mpya ya nyuma ipenye. Majani yaliyong'ang'ania, chagua shela peke yake uishushe saturesheni, ule ukolezo wa rangi. Toa kwa Export As, PNG. Si JPEG, JPEG haibebi uwazi.

Mahamri_Mbaazi
Nani kauliza GIMP hapa? Mimi nasema KITUFE. Cha KIJANI.

Nzi_wa_Marikiti
Anayetaka ile ile kazi ya mashine bila kitufe, iko programu iitwayo rembg. Yaendeshwa na Python kwenye kompyuta yako mwenyewe, msimbo uko wazi. Waandika `rembg i bibi.jpg bibi.png`, basi. Mara ya kwanza yapakua modeli ya u2net, ubongo wake wa kutambua umbo, kama MB 170, kwa hiyo usianze kwa bando la shilingi 20. Ukiingiza 6000 yatoka 6000.

Lakini mjue: u2net huipunguza picha mpaka 320 kwa 320 ili itafute umbo, kisha huitanua maski irudi ukubwa wa awali. Ndiyo sababu vidole na nywele hutoka na ukungu. Ya Pindo ya mkono bado yashinda.

Bateta_za_Rojo
Mwalilia shela! Aliyevaa buibui aseme nini? Buibui jeusi, kochi la kahawia, taa ya sebuleni ya njano. Mashine yakata uso na viganja viwili, yaviacha vyaelea hewani. Hiyo si picha ya nikaha, huyo ni jini.

Pindo_na_Mji
Buibui yaliwa kwa sababu ukingo hauonekani, giza juu ya giza. Tengeneza nakala ya picha, ifungue Curves, zana ya mwanga na giza, upande wa giza uinue mpaka buibui na kochi vitengane. Itakuwa mbaya kama kitu cha mzimu, usijali. Kata kwa nakala hiyo, kisha maski ihamishie picha halisi. Vipimo ni sawa, yakaa palepale. Nakala itupe.

Bateta_za_Rojo
Mashallah. Kumbe dawa ilikuwepo, na watu washagawa kadi zenye viganja.

Kontena40
Tuacheni vitufe. Mwajua nani wa kuchapwa bakora? Wanaopandisha PNG "za uwazi" zenye miraba ya kijivu na nyeupe ILIYOCHORWA NDANI. Ukaiweka juu ya bango, na miraba yaja nayo, kama sakafu ya choo. Jueni: ya kweli kwenye kijipicha cha matokeo ya utafutaji huwa na nyuma ya rangi moja, miraba yatokea ukishaifungua. Ya uongo ina miraba tangu kwenye kijipicha. Nyingine imeandikwa png lakini ukiipakua yageuka WEBP, aina nyingine ya faili.

FeriYaMwisho
Sakafu ya choo 😂 hiyo nimeiona kwenye bango la mgombea.

Wino_Mweusi
Nyinyi nyote afadhali. Mteja aleta nembo iliyopita WhatsApp ya makundi matano, upana pikseli 180, ataka bango la futi 6 kwa 3. Hata kwa pikseli 100 kwa inchi, bango hilo lataka 7200 kwa 3600. Ukimwambia haitoshi asema "ivute tu". Ivute! Chapati? Tumeni kama dokumenti, si kama picha, isibanwe. Nembo ya rangi mbili tatu iingize Inkscape, Path, Trace Bitmap, itoke SVG, mchoro wa mistari usio na pikseli, hapo vuta mpaka Voi. Picha ya uso usithubutu, itageuka ramani.

Tudor_Kreki
Na aliyefundisha watu `mogrify -resize 1080x *.jpg` ya ImageMagick, programu ya kubadili picha kwa amri, bila kusema kwamba yaandika JUU ya faili za asili, ajitokeze. Folda nzima yawa ndogo, hakuna kurudi. Weka `-path ndogo`, na folda iitwayo ndogo uitengeneze kabla.

Mahamri_Mbaazi
Jamani, 612 kwa 408…

Wino_Mweusi
Na ile buluu ya skrini inayotoka zambarau kwenye karatasi, lawama kwa nani? Kwa printa. Skrini yatoa mwanga wa nyekundu, kijani na buluu, karatasi yapokea wino wa samawati, majenta, manjano na mweusi; buluu kali ya skrini haimo kwenye wino. Kabla ya kutoa, washa soft-proof, onyesho la skrini la rangi zitakavyotoka kwenye karatasi, kwa profaili ya mchapaji uione imefifia mapema. GIMP 3.0 ya Machi 2025 yatoa hata faili ya TIFF ya CMYK, yaani ya wino hizo nne. Au punguza majenta kwenye hiyo buluu.

Kontena40
Kwa leso je? Mtu ataka kuchora leso yake mwenyewe.

Pindo_na_Mji
Sentimita 150 kwa 110. Kwa pikseli 150 kwa inchi ni 8858 kwa 6496. Pindo usilichore lote, chora kipande kimoja, ukirudie, pembe uzichore mbali, kona ndiyo huaibisha. Jina, yale maneno ya leso, liwe herufi kubwa, usilishushe mpaka ligusane na pindo.

Bateta_za_Rojo
Kanga, si leso.

Pindo_na_Mji
Umefika lini Mombasa wewe?

FeriYaMwisho
Haya yameanza. Nyuma! Jina la leso lisiandikwe tu kwa Comic Sans.

Bateta_za_Rojo
KANGA.